Kinyozi Aliyekuwa Mgeni wa Taifa

Nchi ninayotaka kuwasimulia ina jina zuri, lakini sitalitaja. Sheria ya huko inataka kila anayelitaja asimame wima mpaka alimalize, na mimi goti langu la kulia ni bovu, nimekaa. Mtanisamehe. Anayetaka sana kulijua asimame yeye, ajaribu majina moja moja, na lile litakalomfanya jirani yake ageuke amtazame vibaya ndilo hilo.

Kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba nchi hiyo haina magereza. Zamani yalikuwapo, na watu wakiteswa humo kama kawaida ya magereza, mpaka alipoingia Mwenyeji Mkuu. Huyo ndiye rais wetu, ila neno rais aliliona dogo. Alisema redioni kwamba sisi ni watu wakarimu tangu enzi za mababu, na ni aibu taifa karimu kuwa na wafungwa. Kuanzia siku ile magereza yakaitwa Nyumba za Wageni, wafungwa wakawa wageni wa taifa, na askari wakawa wenyeji. Kuta zikapakwa rangi ya maziwa. Nje ya lango wakaandika KARIBU, na upande wa ndani, kwa ajili ya wanaotoka, wakaandika KARIBU TENA.

Sheria ya Ugeni imejengwa juu ya misemo, ili hata asiyejua kusoma isimpite. Kifungu cha kwanza kinasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na ndiyo maana wageni wa taifa hulima mashamba ya wakubwa. Cha pili kinasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli walipona. Askari waliokuwa wamekonda wakati wa magereza sasa wote wana vitambi. Cha tatu kinasema aliyekula chumvi ya nyumba hainyoshei nyumba hiyo kidole. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, kabla hajaguswa, mgeni hupewa uji wa chumvi, na akishaumeza tu hawezi tena kuishitaki serikali. Mimi niliisifu sana sheria hii mikutanoni. Ni mjumbe wa mtaa, na kusifu ndiyo kazi niliyochaguliwa kufanya.

*

Mtaani kwetu alikuwapo kinyozi, Mbaruku Chande, mtu mpole, mjane, mwenye binti mmoja aitwaye Saumu. Mbaruku ndiye aliyetunyoa sote. Mtoto akifika arobaini anapelekwa kwa Mbaruku. Kijana anaoa kesho, leo yuko kwa Mbaruku. Mkono wake ulikuwa mwepesi, unaweza kusinzia kitini ukaamka umeshanyolewa. Na hakuwa mtu wa siasa hata chembe. Masikini, kilichomponza ni uzalendo.

Kila duka lazima litundike picha ya Mwenyeji Mkuu, ile anayotabasamu huku ameinua mkono wa kuume kutusalimu. Wengine hutundika nyuma ya mlango, basi, yamekwisha. Mbaruku alitafuta picha kubwa kuliko zote, akaitundika ukutani mkabala na kioo, ili mteja akikaa anyolewe akiwa anatazamana na kiongozi wake. Wazo zuri kabisa. Ila kioo ni kioo, hakina adabu, kuume kinakifanya kushoto. Siku moja akaja kunyolewa ofisa kutoka wilayani. Akiwa na povu kidevuni akainua macho, akamwona Mwenyeji Mkuu anamsalimu kwa mkono wa kushoto. Na mnajua wenyewe mkono wa kushoto kwetu ni wa kazi gani. Ofisa aliondoka na nusu ya ndevu kwenda kutoa taarifa, na alasiri gari likaja.

Mimi nilimsindikiza Mbaruku mpaka garini na nikamfungulia mlango. Mgeni anasindikizwa.

Alikaa huko tangu masika mpaka mvua za vuli zikakatika. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwenyeji wake alimfunga viganja nyuma kwa kamba ya katani, akamning'iniza kwenye boriti, akawa anampiga huku akimuuliza ni nani aliyemtuma kumgeuza Mwenyeji Mkuu mkono. Mbaruku akajibu ni kioo. Basi akatakiwa aeleze huyo Kioo ni nani, baba yake nani, na anakaa mtaa gani. Aliporudi alikuwa mzima, anakula, anaswali, ila mikono ilikuwa inatetemeka kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kucha, haitulii hata akilala. Alijaribu kuninyoa mimi kwanza, kwa kuwa mimi ni kiongozi. Alama iko hapa nyuma ya sikio. Baada ya hapo kinyozi akafunga duka.

Watu walisema yao. Kuna waliosema pombe, wakati hajawahi kuionja, na kuna waliosema jini. Mbaruku akiulizwa alisema kweli, kwa sauti ya chini, na aliyeuliza alianza kuzungumzia mvua. Nikamshauri kirafiki, "Mbaruku, mtu akikuuliza, mwambie baridi." Akaniangalia. Ilikuwa mwezi wa joto.

*

Sasa, Saumu alikuwa na mchumba, Hamadi, seremala, kijana mtulivu, na walikuwa wanapendana. Mtaa mzima ulijua na mtaa mzima ulifurahi. Posa ikaletwa. Kwetu posa haijibiwi hivihivi. Kwanza huja mkubwa wa upande wa bwana kuuchungulia ukoo, anakaribishwa kahawa, na anayeimimina ni baba wa binti kwa mikono yake. Watakwambia ni heshima. Ukweli ni kwamba wanataka kumwona mtu wa ukoo huo akifanya kazi ndogo mbele yao, waone kama macho yanaona, vidole vimetimia na akili imetulia. Kwa maana ugonjwa wa ukoo haujifichi kwenye kazi ndogo.

Aliyekuja ni Bi Zawena, shangazi yake Hamadi, mama mtu mzima mwenye maneno machache na macho mengi. Mimi nilikuwapo, mjumbe hakosi. Mbaruku akalishika dele la kahawa. Saumu aliyekuwa mlangoni akataka kumsaidia, baba akamkataza kwa kichwa. Kahawa ilimwagika kwenye sinia, ikamwagika kwenye mkeka, ikamfika Bi Zawena kwenye ukingo wa buibui. Kikombe kilipata tone.

Bi Zawena akalikunja buibui lake polepole. "Baba Saumu, usinichukie. Mimi nimetumwa. Huo mtetemeko ni wa kwenu?"

"Si wa kwetu, dada. Baba yangu alininyoa mimi mpaka ana miaka themanini. Huu nilipewa kule ugenini."

"Ugenini wapi?"

"Nyumba ya Wageni."

Bi Zawena akanitazama mimi, nami nikatazama dari.

"Baba Saumu," akasema, "serikali inasema kila siku redioni kwamba kule hakuna anayeguswa. Ama wewe una ugonjwa wa ukoo, ama unasema serikali ni mwongo. La kwanza ningelipeleka nyumbani tukalijadili. La pili hata kulibeba siwezi. Nipatie neno la serikali yenyewe, iseme ni wao. Nikilipata kabla ya Ramadhani, mtoto anaolewa. Nisipolipata, tuachiane kwa wema."

Alipoondoka Saumu aliupangusa mkeka. Baba yake alikaa amekalia mikono yake, jambo alilokuwa amezoea kulifanya ili asione inavyocheza. Nilimwonea huruma, siwezi kusema uongo. Kinyozi hana mikono, sasa na binti naye anakaribia kukosa mume. Lakini ni nani angeiambia serikali iseme kitu kama hicho?

*

Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo, ila safari hii tulingoja kidogo tu. Kulitokea kwamba watu wa ng'ambo, wale wanaotupa misaada, waliuliza swali kuhusu Nyumba za Wageni, na Mwenyeji Mkuu hapendi kuachwa na swali mkononi. Ikaundwa Tume ya Kufuta Machozi. Mwenyekiti wake akawa Waziri wa Ukarimu, Mheshimiwa Daktari Shomvi, ambaye alikuja mpaka wilayani kwetu kuizindua.

"Ndugu wananchi," alisema, na alisema kwa muda mrefu sana, "yapo maneno kwamba katika nyumba zetu baadhi ya wageni walikirimiwa kupita kiasi. Serikali sikivu imesikia. Serikali hii ina masikio makubwa kuliko nchi yenyewe. Tunasema, aliyelia na aje, tutamfuta machozi mbele ya kadamnasi, na asiyelia na aje pia, aone wenzake wanavyofutwa."

Kila aliyehudhuria alipewa leso nyeupe yenye picha ya Mwenyeji Mkuu katikati. Zilikuwa nzuri mno. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikwenda ugenini akarudi amefunikwa shuka, akaifikisha ya kwake machoni, askari akamshika mkono kwa upole. Huwezi kumpaka Mwenyeji Mkuu makamasi. Tukaambiwa leso hizo zikunjwe na kutunzwa.

Nikamwambia Mbaruku mlango umefunguka. Saumu naye akasema, "Nenda, baba. Waombe neno tu. Usiombe kingine." Utaratibu wa Tume ulikuwa kwamba mgeni mwenye manung'uniko ayapeleke kwanza kwa mwenyeji wake, kule kule alikokuwa, kwani si ustaarabu kumsema mtu pembeni. Na asiende mikono mitupu. Tukachukua jogoo.

Tulipoliona lango Mbaruku alisimama, akatapika pembeni ya barabara, akajifuta, tukaendelea. Nilimwambia ni jua.

*

Mwenyeji wake aliitwa Sajini Kalonga. Nilitegemea jitu, nikakuta bwana mwembamba mwenye miwani, mcheshi, aliyepandishwa cheo akawa Mkuu wa Kupokea Manung'uniko kwa sababu hakuna aliyeyajua manung'uniko kuliko yeye. Alipomwona Mbaruku akainuka kwa furaha ya kweli.

"Mgeni wangu! Umeadimika. Mbona hukunipa hata salamu?"

"Nilikuwa nyumbani, Mwenyeji."

"Na jogoo umeniletea. Haya, lete hiyo mikono."

Akaishika, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Mbaruku alikuwa amefumba macho. Nilidhani Sajini atakana, nami nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumkubalia. Hakukana. Akasema, "Hii ni kazi yangu. Wala sina shaka. Unaona, mjumbe, ukimfunga mtu hovyo kiganja kinakufa, hakitetemeki. Huu mshipa hapa umebanwa ukaachwa, umebanwa ukaachwa. Hii si kazi ya wale vijana wa zamu ya pili. Na nimesikia wanajisifu kwa kazi zangu."

"Utasema hivyo mbele ya Tume?" nikamuuliza.

"Kwa nini nisiseme? Nitasema hata bila Tume."

Tukarudi nyumbani kama watu waliotoka harusini. Yaani mimi ndiye niliyekuwa hivyo. Saumu alipoambiwa alikaa chini akalia, na akacheka, na akaenda kumwambia Hamadi kwamba neno litapatikana.

*

Tume ilikaa katika ukumbi wa shule. Kwanza ilibidi iondolewe chumvi, kwani kifungu cha tatu bado kilikuwapo. Mbaruku akapewa kata ya maji, akasukutua, akatema ndani ya beseni. Mkemia wa serikali akachovya kidole, akaonja, akasema bado. Akasukutua tena na tena mpaka mkemia akatangaza kwamba chumvi yote ya serikali imerudi serikalini. Hapo ndipo mdomo wake ukahesabika kuwa ni wake.

Sajini Kalonga akaeleza. Alieleza vizuri kuliko ambavyo Mbaruku mwenyewe angeweza. Alionyesha kamba ilipita wapi, boriti ilikuwa kimo gani, na akaomba kiti apande ili wajumbe wa Tume walioko nyuma nao waone. Mjumbe mmoja aliuliza swali la kiufundi. Ilipofika mwisho, watu wa ng'ambo waliokaa mstari wa mbele walikuwa wamejiinamia, na Mheshimiwa Waziri alikuwa anapiga makofi.

"Serikali haikimbii," akasema. "Ikimbilie wapi na nchi yote ni yake? Serikali inakubali kwamba mikono hii ilifanywa hivi ndani ya nyumba yake. Inawajibika, inawajibika sana, tena kwa moyo mkunjufu. Lakini tujiulize, serikali ni nani? Ni wananchi. Na Mbaruku ni nani? Ni mwananchi. Kwa hiyo katika jambo hili Mbaruku naye ana sehemu yake ya lawama. Mimi kwa mamlaka niliyopewa, sehemu hiyo ninamsamehe."

Ukumbi ukashangilia. Mbaruku akainua mkono unaotetemeka, akaruhusiwa kusema.

"Nashukuru, Mheshimiwa. Mimi naomba maneno mawili tu, mniandikie au mnitumie mtu akayaseme. Bi Zawena aambiwe huu si ugonjwa wa kwetu. Na iambiwe mitaa yetu kwamba sikuwa na kosa."

Waziri akakohoa. Akanywa maji. "La kwanza limekubaliwa. La pili, la kosa, hilo ni la tume nyingine."

"Iko wapi, Mheshimiwa?"

"Haijaundwa."

Kisha ukasomwa uamuzi. Kulikuwa na kifungu cha nne ambacho hata mimi nilikuwa sijakisikia: ugeni hulipwa kwa ugeni. Mbaruku alikaa kwa serikali, basi sasa serikali itakwenda kukaa kwa Mbaruku. Itawakilishwa na Sajini Kalonga, ambaye atalibeba neno la serikali yeye mwenyewe hadi kwa Bi Zawena, na baada ya hapo atafikia nyumbani kwa Mbaruku mpaka heshima zote zilingane. Hayo ndiyo yakaitwa mafao yake. Wengine waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu, waliposikia mafao yenyewe, walianza kuondoka mmoja mmoja kwa mlango wa jikoni.

*

Sajini alitimiza, siwezi kumsingizia. Kesho yake alikwenda kwa Bi Zawena amevaa sare na nishani, mimi nikiwa pembeni, akakaa kwenye kochi la Bi Zawena, akanywa chai ya Bi Zawena, na akasema, "Bi mkubwa, wasikudanganye. Mikono ile ilifanywa na mimi. Ukoo wao ni safi." Na akaeleza yote. Alipofika kwenye boriti akainua macho kuitazama boriti ya sebule ile, kwa mfano tu. Hamadi alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Bi Zawena alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akatusindikiza.

Jioni aliniita. Alikuwa ameshazirudisha zawadi za posa kwenye kapu.

"Lakini neno umelipata," nikamwambia. "Tena umeletewa mlangoni."

"Ndiyo, nimeletewa mlangoni," akasema. "Mjumbe, ugonjwa wa ukoo tungeusomea dua, tukavumilia. Huu una mwenyewe, na sasa anaijua njia ya kuja kwangu. Hamadi atakwenda kwa mjomba wake, mbali. Mwambie Saumu mimi nampenda. Mwambie hivyo kweli."

Nilimwambia. Saumu alilipokea lile kapu akaliweka chini, akauliza kama Hamadi ameshaondoka. Nikasema ameshaondoka. Akaingia ndani kumpikia mgeni chakula, maana mgeni alikuwa ameshafika na sanduku lake.

*

Serikali ikawa inalala kwenye kitanda cha Mbaruku, na Mbaruku akalala mkekani. Asubuhi Saumu anaamkia, "Shikamoo, Mwenyeji," na yeye anajibu marahaba, amelalaje, vizuri. Sajini hakuwa mtu mbaya wa kuishi naye, nasema ninachokijua. Alikuwa anafagia uwanja. Alimkanda Mbaruku mikono kwa mafuta ya nazi, na Mbaruku alikaa ametulia kabisa, hata pumzi haisikiki. Siku ya tatu watu wote walijua ni siku ya jembe, na jembe lilikuwapo pale ukutani, lakini hakuna aliyethubutu kumpa.

Ramadhani ilipokaribia, Sajini aliniita barazani akanipa barua ya posa. Alikuwa anamtaka Saumu.

"Nimefikiri," alisema. "Vijana wa hapa hawatamchukua. Wengine wanaogopa ugonjwa, wengine wananiogopa mimi. Mimi ugonjwa najua haupo, nina hakika kuliko mtu yeyote. Na mimi mwenyewe siwezi kujiogopa. Mheshimiwa Waziri amefurahi sana. Anasema hiyo ndiyo itakuwa fidia kamili, mtesi na mteswa kuwa ndugu. Samahani, amesema mwenyeji na mgeni."

Nilimpelekea Mbaruku ile barua. Aliisoma ikimchezea mikononi, akaitazama sana, akasema, "Mimi siwezi kumjibu yule mtu. Nikimwona tu ulimi unakauka. Muulize mwenyewe." Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwani kujifuta kulikuwa kazi kubwa.

Saumu alikuwa anasafisha mchele. Hakuacha.

"Ami," aliniambia, "nikikataa nitakuwa mgeni?"

"Sidhani," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuiamini.

"Basi sikatai. Mahari nataja mimi?"

Hilo ni kweli. Kwetu binti hutaja mahari yake mwenyewe, na Mwenyeji Mkuu hajawahi kuigusa sheria hiyo, kwa sababu naye ana mabinti. Nikasema ndiyo, unataja wewe.

"Sitaki kitanda, sitaki dhahabu. Mahari yangu ni maneno, yasemwe msikitini Ijumaa mbele ya watu. Aseme: mimi Kalonga nilimfunga Mbaruku, nikamning'iniza, nikampiga mpaka mikono yake ikaharibika, na hakuwa na kosa. Akisema, mimi ni halali yake."

Sajini alicheka alipoambiwa. Alisema huyu mtoto ni wa bei rahisi. Ijumaa ile msikiti ulijaa mpaka nje. Akasimama, akasafisha koo, akasema mimi Kalonga nilimfunga Mbaruku, nikamning'iniza, nikampiga mpaka mikono yake ikaharibika. Aliyasema kwa ufasaha, kama alivyozoea. Kisha akafika kwenye lile la kosa. Akafungua mdomo, akaufunga. Akavua miwani, akaifuta. Tulimsubiri. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Hilo la mwisho si langu. Niliyoyafanya ni yangu, hilo ni la wakubwa. Kama hakuwa na kosa, basi mimi nilikuwa nafanya nini?" Akatoka akapanda gari kwenda kuwauliza wakubwa.

*

Wakubwa hawajajibu. Ila bomba la mtaa wetu lilikauka wiki ile ile, na fundi wa maji alipoulizwa alisema mahari ikipunguzwa maji yatatoka. Hakutuficha. Ramadhani ikaingia hatuna maji ya futari. Wanawake wakawa wanatembea na ndoo mpaka mtaa wa tatu, na huko wakaanza kufukuzwa. Wazee tukakutana. Hatukukutana kumwonea mtoto wa watu, hapana. Tulikutana kutafuta busara. Busara ilikuwa Saumu apunguze.

Tulikwenda sote alasiri moja: imamu, wazee, wenye maduka, na mimi mbele yao. Tukavua viatu mlangoni, tukakaa mkekani. Mbaruku alikuwa pale kwenye kizingiti, amekalia mikono yake. Mzee mmoja mmoja alisema kwa upole. Ndoa ni stara. Maneno ni upepo tu, mwanangu, yale matatu ya mwisho yana faida gani, baba yako tunamjua sote. Mtaa una kiu. Nami nikasema yangu, na niliyasema vizuri.

Saumu alitusikiliza mpaka wa mwisho wetu. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Ami zangu, nimewasikia," akasema. "Maji hayapo, najua, hata mimi naoga kwa kopo. Basi nitapunguza. Tena nitapunguza yote, Sajini asilipe kitu. Aseme mmoja wenu badala yake. Hapa hapa, si lazima kwa sauti, askari hayupo. Aseme Mbaruku hakuwa na kosa. Akishasema tu, kamwiteni yule bwana, nitaolewa leo."

Mbaruku akainua uso. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, hakuruka mtu. Hakuna kichwa pale ambacho hakuwahi kukinyoa. Mimi maneno nilikuwa nayo mdomoni, nawaapia, nilishayatafuna yamelainika. Imamu akakohoa. Mwenye duka la unga akasema jua limekwenda, watu wanamsubiri. Mwingine akainuka, na wa pili yake, na mimi nikaona si vizuri kubaki peke yangu. Tulitoka tukaanza kutafuta viatu vyetu. Watu wengi wakivua viatu mlango mmoja, kuvitambua huchukua muda, na sote tulikuwa tumeinama.